Katikati ya Nini? Barua ya wazi kwa wachambuzi wa bajeti

Ndugu wachambuzi wa redio, televisheni na magazeti,

Nawaandikia kutoka Rulenge, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Wengi wenu hamjafika huku, na siwalaumu, ni mbali hata kwa anayetokea Bukoba. Sisi lakini tunawajua. Mimi ni wakala wa miamala ya simu, na wakala hushinda na redio kutwa nzima. Nazijua sauti zenu kuliko sura zenu: nani hukohoa kabla ya kutaja trilioni, nani huanza kila jibu kwa kusema "mimi sina chama, lakini". Nimejifunza mengi kwenu, ndiyo maana najipa ruhusa ya kuwalalamikia.

Kila Juni, Waziri wa Fedha akishasoma hotuba yake na wapinzani wakishasema yao, mtangazaji huwageukia na kuuliza: sasa mwananchi amwamini nani? Karibu wote mna jibu lile lile. Serikali imesema kiserikali, upinzani umesema kisiasa, ukweli uko katikati. Kisha tunapelekwa kwenye matangazo ya biashara.

Hiyo katikati mmeipima kwa nini? Sijawahi kusikia mtu akiulizwa.

Tuanze na tozo, maana huko nilikuwa shahidi. Bajeti ya 2021/22, ya shilingi trilioni 36.3, ilisomwa na Dk. Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa wakati huo, ikiwa na tozo ya kizalendo kwenye miamala ya simu: kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila kutuma na kwa kila kutoa, kulingana na kiasi. Ilianza kukatwa tarehe 15 Julai 2021. Siku chache tu baadaye Waziri akatangaza kwamba Rais ameagiza iangaliwe upya. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaenda Mahakama Kuu. Upinzani ukasema ifutwe yote, kwa sababu hela ile imeshakatwa kodi ilipopatikana, inakatwa tena na kampuni ya simu, na sasa inakatwa mara ya tatu. Serikali ikajibu: vituo vya afya vijengwe kwa nini, kwa majani? Wala jibu hilo halikuwa la hewani. Mwezi Agosti ilitangaza kwamba tozo imeingiza shilingi bilioni 48 katika wiki nne za mwanzo, na kwamba vituo vya afya 220 vitajengwa.

Hapo kulikuwa na hoja mbili nzito, na kila moja ilidai kupigiwa hesabu. Nyinyi mkasema Serikali inahitaji mapato, wananchi wana haki ya kulalamika, basi ipunguzwe. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mkashangilia kwamba busara imeshinda.

Niwaeleze ilivyokuwa mezani kwangu. Mtu wa Rulenge hakuja kuuliza asilimia imekuwa ngapi. Alikuwa ameshamwambia mwanawe aliyeko Mwanza kwamba hela ampe kondakta kwenye bahasha. Mnunuzi wa maharage ambaye zamani alilipa kwa simu alirudi kubeba noti kwenye mfuko wa rambo, akitembea na roho mkononi. Aliyekuwa akitoa kidogo kidogo kila wiki alianza kutoa mara moja kwa mwezi na kuweka hela chini ya godoro. Floti ikalala, kamisheni ikakonda. Punguzo la asilimia 30 halikuwarudisha watu hao, kwa sababu mtu akishahama njia humrudishi kwa kumpunguzia sehemu ya maumivu. Hili halikuwa la Rulenge peke yake. Vodacom Tanzania iliwaeleza wanahisa wake kwamba tozo zimeyaumiza mapato ya M-Pesa.

Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa kutoka 7,000 hadi 4,000, na hapo hapo tozo ikaingia benki. Kelele zikaanza upya. Septemba ikapunguzwa tena. Kila hatua ilikuwa na katikati yake mpya, na kila katikati mliipokea kama ndiyo ya haki. Juni 2023 Serikali ikatangaza kuifuta tozo ya kutuma. Yaani Serikali yenyewe, kwa miguu yake, ilitembea miaka miwili mpaka, kwa upande wa tozo ya kutuma, ikafika pale walipokuwa wamesimama watu ambao Julai 2021 mliwaita wanasiasa. Wao hawakusogea hata hatua moja. Mwaka 2021 mliwahesabu kuwa wa pembeni, mwaka 2023 wakawa wenye busara, na hamkutuambia kilichobadilika.

Msinielewe vibaya. Sisemi upinzani ulikuwa sahihi kwa kuwa ni upinzani. Nasema jibu lilikuwa linapatikana tangu siku ya kwanza kwa mtu aliyekubali kuuliza: watu wangapi wataacha kutuma? Mapato ya kodi kwenye huduma zenyewe yatashuka kiasi gani miamala ikipungua? Nani analipa zaidi, wa Masaki mwenye akaunti tatu au bibi wa huku kwetu Bushubi anayetumiwa elfu ishirini? Hayo yanataka karatasi na jioni moja ya kukaa chini. Kugawa kwa mbili hakutaki hata karatasi.

Na kugawa kwa mbili kuna hatari kubwa kuliko uvivu. Kila mtu anayekwenda mnadani anajua kwamba muuza mbuzi akishagundua mnunuzi fulani hukata nusu siku zote, humtajia bei mara mbili. Mnunuzi hurudi nyumbani ametabasamu, amelipa bei kamili. Nanyi mmeshajulikana tabia. Wizara inajua kwamba ikianza na 10,000, mtaisifu ikiteremka 7,000, na 4,000 mtaiita huruma. Vyama navyo vinajua: vikidai kufutwa kwa kodi kumi, mtavipa tano bila kuuliza hata moja inafidiwaje. Anayesema namba ya kweli tangu mwanzo ndiye anayepunjika, kwa sababu mtamkata nusu kama wengine.

Sasa nije kwenye neno lenu jingine, "ya kichama". Bajeti inayosomwa Dodoma mnaiita bajeti ya taifa. Mapendekezo ya upinzani mnayaita bajeti ya kichama. Nimekuwa nikifuatilia hotuba za bajeti, na kila mwaka zinataja waziwazi kwamba zinatekeleza, pamoja na mpango wa maendeleo, Ilani ya Uchaguzi ya CCM. Sioni ubaya wowote. Chama kikishinda uchaguzi kinatakiwa kitekeleze ilani yake, vinginevyo tulipiga kura ya nini? Ila basi bajeti zote mbili ni za kichama. Moja ina dola, nyingine haina. Mnapoivua moja nguo ya chama na kuiacha nyingine nayo, mmeshachagua upande kabla hamjafungua kurasa, na katikati mtakayoipima kuanzia hapo imeinama tangu mwanzo.

Nicheke kidogo. CHADEMA imekuwa ikijitambulisha kuwa chama cha mrengo wa kati. ACT-Wazalendo ina Azimio lake la Tabora la mwaka 2015, linalozungumza ujamaa wa kidemokrasia. CCM, pamoja na Azimio la Zanzibar la 1991 na yote yaliyofuata, katiba yake bado inataja Ujamaa na Kujitegemea. Kwa karatasi, basi, mtu wa katikati ni CHADEMA, na chama tawala ndicho cha mrengo wa kushoto. Nani kati yenu amewahi kuitazama ramani hiyo akiwa studio? Katikati yenu haitokani na itikadi, wala haitokani na hesabu. Inatokana na nani ameketi kiti cha kulia cha mtangazaji na nani kiti cha kushoto.

Tena viti vyenyewe havilingani. Ibara ya 99 ya Katiba inasema Bunge halitashughulikia jambo la kutoza kodi mpya au kuongeza matumizi mpaka Rais awe amelipendekeza kupitia kwa waziri. Mbunge ana nafasi ya kutaka kodi ipunguzwe, si ya kubuni nyingine. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti, na kura yenyewe hupigwa kwa kuitwa jina moja moja. Mbunge anayejua gharama ya uchaguzi, akisikia jina lake, atasema nini? Baada ya uchaguzi wa 2020 wapinzani walibaki wachache kiasi kwamba Kambi Rasmi ya Upinzani haikuwepo, na ile desturi ya waziri kivuli wa fedha kusimama bungeni kusoma bajeti mbadala ikakatika. ACT-Wazalendo waliunda baraza kivuli nje ya Bunge, wakawa wanaita waandishi na kusoma uchambuzi wao. Upande mmoja, basi, una kitabu kizima, makatibu wakuu, wachumi wa wizara na sheria inayoulinda. Upande wa pili una ukumbi wa kukodi na vipaza sauti. Nyinyi mnaziweka pande hizo kwenye mizani kana kwamba zina uzito mmoja, au mwaka mwingine hamuuweki kabisa huo wa pili, halafu mnatwambia mmetenda haki kwa wote.

Na sisi hatuna macho mengine. Januari 2016 TBC iliacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani, na mtu wa Rulenge akaanza kumjua mbunge wake kwa kipande cha dakika moja na kwa maneno yenu. Ndiyo maana nawang'ang'ania.

Naijua sababu mojawapo ya nyinyi kupenda katikati, na si haki niipite kimya. Ni hofu, na hofu hiyo haikutokana na ndoto. Magazeti ya Mawio, MwanaHALISI, Mseto na Tanzania Daima yalifungiwa; yaliachiwa Februari 2022. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa ni kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za Serikali, hadi ilipolegezwa mwaka 2019 baada ya wafadhili nao kupiga kelele. Fikirini hilo: kwa kipindi fulani, mchambuzi aliyepiga hesabu yake mwenyewe angeweza kushitakiwa, na aliyesema "ukweli uko katikati" alilala usingizi. Huku kwetu tunaelewa bei ya kusema. Askofu wetu wa Jimbo la Rulenge-Ngara, Severine Niwemugizi, alisema wazi kwamba nchi inahitaji Katiba mpya, hakuzungushia maneno ya kwa upande mmoja na kwa upande mwingine, na baadaye Uhamiaji wakamhoji uraia wake. Wilaya hii inapakana na Burundi na Rwanda. Kwa mtu wa Ngara kuulizwa uraia si utani.

Kwa hiyo siwaiti waoga. Ninachokataa ni kuuziwa hofu kwa jina la busara. Mchambuzi anayeogopa ana njia ya heshima: atusomee namba bila kutoa hukumu, hukumu atuachie sisi. Asitugawie nusu kwa nusu akasema ndiyo sayansi. Na wale ambao katikati yao si hofu bali ni subira, wanaosubiri mkeka wa uteuzi, tunawafahamu pia. Leo studio, kesho jina limetoka, keshokutwa ni mheshimiwa fulani anakata utepe. Kuteuliwa si dhambi. Lakini "mimi sina chama" ilisemwa kwa sauti kubwa mno.

Nisiwaonee nyinyi tu na Serikali. Upinzani nao mnauharibu kwa kuupapasa. Kwa miaka mingi bajeti mbadala zimekuwa na kisima kimoja kisichokauka: misamaha ya kodi. Elimu itagharamiwaje? Tutafuta misamaha. Pembejeo? Misamaha. Mishahara? Misamaha hiyo hiyo. Kuna misamaha ya aibu, ya wawekezaji wakubwa, na waliopiga kelele juu yake walifanya kazi njema. Lakini ndani ya fungu hilo hilo mna dawa na vifaa vya hospitali, zikiwamo hospitali za mashirika ya dini kama hii ya hapa Rulenge. Ukifuta, unafuta upi na kubakiza upi, na kinachobaki kinalipa mambo mangapi? Sijasikia mchambuzi akimbana waziri kivuli kwa swali hilo mpaka ajibu. Mnamwacha aseme, kisha mnamkata nusu. Kwa kufanya hivyo mnamdharau, kwa sababu anayeheshimiwa hukaguliwa.

Na pale alipokuwa na hoja, hamkurudi kumpa haki yake. Kodi ya mishahara ni mfano mzuri. Kiwango cha chini kilikuwa asilimia 14. Vyama vya wafanyakazi vilidai tarakimu moja, wapinzani wakadai nao, na madai hayo yakaitwa ya kutafuta umaarufu. Kikashuka 13 mwaka 2013, kikashuka 12, kikashuka 11, na Mei Mosi 2016 pale Dodoma Rais Magufuli akatangaza 9. Mwaka 2021 kikawa 8. Serikali haikufilisika. Swali la mchambuzi lilikuwa hili: kila asilimia moja inagharimu kiasi gani, na inafidiwa wapi? Swali lingeulizwa hivyo mwaka 2012, labda walimu wangepumua mapema. Au labda tungeambiwa kwa nini haiwezekani bado, nasi tungeelewa.

Kwa deni la taifa hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa huko pande zote mbili zimeshazoea kuimba. Serikali: deni ni himilivu. Upinzani: nchi imewekwa rehani. Mchambuzi: deni ni himilivu ila tuwe waangalifu. Mtu wa kawaida afanye nini na sentensi hiyo? Kwenye bajeti ya 2024/25, ya trilioni 49.35, mapato ya ndani yalikadiriwa kuwa trilioni 34.6, na kulipia deni la Serikali kulitengewa zaidi ya trilioni 13. Mishahara ya watumishi wote, walimu, wauguzi, askari, haikufika trilioni 12. Gaweni wenyewe: katika kila shilingi mia inayokusanywa ndani, takriban 38 inamngoja mdai. Namba hiyo haina chama. Mwana-CCM anaweza kuitetea kwa kusema mikopo imejenga reli, mpinzani anaweza kuitumia kulaumu, wote wakiwa na hoja. Lakini wabishane juu ya 38, wasibishane juu ya vivumishi.

Hata sifa mnazigawa nusu, na hilo nalo ni dhuluma. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilitoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, pamoja na ruzuku ya mbolea. Sisi tunaolima kahawa, migomba na maharage tulikuwa tunaingoja siku hiyo. Wapinzani wengine walisema ni maonyesho. Nanyi: ni hatua nzuri, lakini. Lakini nini? Lakini iliyokuwa na maana ilikuwepo, ni moja tu, nayo ilitaka kumbukumbu: kutenga si kutoa. Mwaka 2016/17 wizara hiyo hiyo, hadi Machi 2017, ilikuwa imepokea chini ya asilimia tano ya fedha za maendeleo ilizopitishiwa na Bunge. Mchambuzi aliyekuwa na kitabu cha zamani angesema: nasifu namba hii, na nitarudi Machi kuhesabu kilichotoka hazina. Mwacheni huyo aitwe mkali. Mimi ningemwita mwenye haki.

Jirani zetu wa Kenya walitupa somo la katikati kwa bei kubwa. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipoleta kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate na kodi mpya ya magari, watu walikasirika, na tarehe 18 Juni kamati ya Bunge ikaondoa baadhi ya vifungu hivyo. Kwa kipimo chenu, mambo yalikuwa yamekwisha: Serikali imerudi nyuma, wananchi nao warudi. Lakini vijana walikuwa wameusoma muswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, wakaufafanua mitandaoni kwa lugha mbalimbali, na walijua vilivyobaki ndani. Tarehe 25 Juni wakaingia bungeni, watu wakauawa, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Siombi yaliyotokea Nairobi yatokee Dodoma, Mungu atuepushe. Nasema kwamba mwananchi aliyesoma mwenyewe hatulizwi na nusu ya jibu, na kazi ya kumsomea mapema, kabla hasira haijapanda, ni yenu.

Nirudi nyumbani. Kuna barabara ya Murugarama–Rulenge–Nyakahura, inayotuunganisha na Biharamulo na barabara kuu ya kwenda Rusumo. Jina lake limekuwa likijitokeza kwenye vitabu vya bajeti vya Wizara ya Ujenzi, kwamba itawekwa lami. Wa chama tawala anasema lami inakuja. Wa upinzani anasema ni danganya toto. Ikitokea mchambuzi akaombwa maoni, atasema ukweli uko katikati. Katikati ya barabara iliyojengwa na isiyojengwa ni nini, ndugu zangu? Lami upande wa kushoto? Swali ni la aina nyingine kabisa: mwaka jana zilitengwa ngapi, zilitoka ngapi, kipande kipi kimefanyiwa nini, na kwa nini sentensi ya mwaka huu inafanana na ya mwaka ule.

Au nikeli ya Kabanga, iliyo jirani yetu. Tangu kampuni ya Tembo Nickel iundwe Januari 2021, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16, mmetupigia ngoma mbili: utajiri umefika, na tumeibiwa tena. Halmashauri ya Ngara inategemea ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo. Madini yakichimbwa Ngara na kusafishwa Kahama kama ilivyopangwa, mauzo yatahesabiwa wapi? Hilo ni swali la darasani, lina jibu, na jibu lake litaamua kama zahanati zetu zitapata vitanda. Katikati ya furaha na kilio halipo.

Mnaweza kuniuliza, je, hakuna siku ukweli unakuwa katikati kweli? Ipo, tena mara nyingi. Ukipiga hesabu ukajikuta hapo, kaa hapo, na utuonyeshe njia uliyopita. Hatutakuita kigeugeu. Na mwenye chama aseme ana chama. Watanzania tunajua kumsikiliza mtu wa Simba akichambua mechi ya Yanga, tunapunguza tunapojua pa kupunguza. Asiyesema upande wake ndiye anayetupa kazi.

Nina ombi dogo la kuanzia. Siku ile ya Juni 2023 mliposherehekea kufutwa kwa tozo ya kutuma, bajeti hiyo hiyo iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Huku kila mfuko wa saruji, kila katoni ya sabuni na kila chupa ya dripu hufika kwa lori. Tozo ya kutoa nayo haikufutwa pamoja na ya kutuma. Wateja wangu waliendelea kuniuliza makato haya ni ya nini wakati redio imesema yamekwisha. Bajeti nyingine ikija, kabla ya kumuuliza Waziri habari ya mapya, muulizeni hayo mawili: mia ile imekusanya kiasi gani na imejenga nini, na tozo ya kutoa itakoma lini. Kisha mpeni mpinzani kipaza sauti, mmuulize yeye angeziba pengo hilo kwa kodi gani, na msimwachie mpaka ataje namba.

Wenu,

Wakala wa miamala,
Rulenge, Ngara